Figo haioti upya kwa sindano ya seli shina
Wengi wanaamini sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, huotesha upya figo iliyokufa. Sivyo. Nefroni, yaani vichujio vidogo pamoja na mirija yake, hukaribia milioni moja katika kila figo, na huacha kuundwa mimba ikifika wiki ya 36 hivi. Baada ya hapo haziongezeki.

Kinachopona ni mirija: ikijeruhiwa ghafla na upungufu wa maji au dawa, seli zilizonusurika hugawanyika na kuziba pengo, na kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, ikashuka. Podositi, seli zinazoshikilia chujio, karibu hazigawanyiki kabisa. Zikibanduka, protini huvuja kwenye mkojo na kovu huchukua nafasi. Hakuna sindano iliyothibitishwa kuondoa kovu hilo. Dhibiti shinikizo la damu na sukari mapema, nefroni zingalipo.