Kujiongoza Katika Masomo: Yanayosemwa Mitaani na Yaliyo Kweli

Mombasa siku hizi madarasa ya Kijerumani hayakosi watu. Wapo wahudumu wa hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu wanaotaka kuongea na wageni bila kubahatisha, na wapo wauguzi na mafundi walioingiwa na hamu zaidi tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin, Septemba 2024. Wengi hutoka kazini, wakaingia darasani jioni, wakafika nyumbani wako hoi. Saa za mwalimu ni chache, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inabaki mikononi mwa mwanafunzi, na hapo ndipo maneno ya barazani yanapompoteza.

"Kujiongoza ni kusoma peke yako"

Sivyo. Barry Zimmerman, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, alieleza mzunguko wa hatua tatu. Kabla ya kusoma, unaweka lengo na kuchagua mbinu. Ukiwa unasoma, unajifuatilia. Ukimaliza, unapima ulichopata na kuamua duru ijayo ubadilishe nini. Hakuna hatua ya kumfukuza mwalimu. Kuomba msaada ni sehemu ya ustadi wenyewe, ila mwenye kujiongoza haji na "sielewi chochote". Huja na daftari limefunguliwa: "Mwalimu, hapa niliandika *mit der Bus*, ukanisahihisha *mit dem Bus*. Mbona, na basi ni *der*?" Anauliza kwa nini neno dogo linalotangulia nomino, *der*, limegeuka *dem*. Swali kama hilo hujibika kwa dakika mbili, na jibu lake halisahauliki upesi.

"Nimeisoma sura mara tano, naijua"

Hii ndiyo dhana inayokula watu muda zaidi, kwa sababu unapoisoma tena sura uliyokwisha kuisoma, inateleza. Ule wepesi tunaudhania kuwa ni kujua.

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi. Baadhi walivisoma tena, wengine wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, walioandika kwa kukumbuka ndio waliowapita. Kisha mwaka 2013, John Dunlosky na wenzake wakapitia mbinu kumi za kujisomea. Zilizopata daraja la juu zilikuwa mbili tu: kujijaribu, na kuyatawanya mazoezi kwa siku kadhaa. Kurudia kusoma na kupiga mistari kwa kalamu ya rangi ziliwekwa daraja la chini.

Sisi watu wa Pwani hatukupaswa kushangazwa na hayo. Mtoto wa madrasa anayehifadhi Kurani hapimwi kwa mara alizoutazama msahafu. Anaufunga, anasoma kwa ghibu mbele ya ustadhi, akikwama anasahihishwa papo hapo, na sura za zamani hurejewa huku mpya zikiendelea. Halafu mtoto huyo huyo akifika sekondari, ananunua kalamu ya manjano na kukipaka kitabu mpaka hakuna tena mstari usio wa manjano. Sijui ni nani aliyetuambia kwamba mbinu ya madrasa haifai skuli.

Kwa Kijerumani inatosha kuukunja ukurasa wa daftari katikati: Kiswahili upande mmoja, Kijerumani upande wa pili, kila nomino na *der*, *die* au *das* yake, yaani lile neno dogo linaloonyesha jinsia ya nomino. Funika upande wa Kijerumani, andika pembeni, kisha funua uweke alama. Ulilokosa litarudi kesho, na ulilopata lingoje siku tatu, halafu wiki. Matatu ya kutoka Mtwapa ikikwama kwenye foleni, duru nzima inakwisha kabla hujafika mjini.

"Mimi ni mtu wa kusikia, si wa kusoma"

Kila mtu ana anachokipendelea. Lakini Harold Pashler na wenzake walipouchunguza ushahidi mwaka 2008, hawakupata wa kutosha kuonyesha kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa "mtindo wake". Isitoshe, mtihani wa Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, unapima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, upende usipende.

"Siku 21 na inakuwa mazoea"

Hesabu hii mara nyingi hurudishwa kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Mambo ya pua, si ya masomo. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa 2010, ulipata takriban siku 66, na tofauti ilikuwa kubwa: kutoka siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo Ramadhani ikiivuruga ratiba ya jioni, daftari lihamie baada ya Alfajiri. Hakuna haja ya kuanza upya kana kwamba kila kitu kimemwagika.

"Lengo kubwa ndilo linalokusukuma"

"Nataka kujua Kijerumani mwaka huu" ni dua njema, lakini haikwambii ufanye nini Jumanne. Tafiti za Peter Gollwitzer zinaonyesha kwamba mpango uliofungwa na wakati au mahali hutekelezeka zaidi: "Nikishaswali Alasiri, kabla sijaingia zamu, naandika maneno kumi ya jana bila kutazama."

Lengo nalo liwe na kipimo. Kwenye mtihani wa B1, yaani wa kiwango cha kati, kila sehemu kati ya zile nne hupitwa kwa alama 60 kati ya 100, na unaweza kuirudia peke yake. Aliyepata 74 katika kusoma na 51 katika kuzungumza harudii vyote. Anarudia kuzungumza, na daftari lake la wiki zinazofuata lionekane hivyo: vifungu vya kusoma vipungue, na atafutwe mtu wa kuongea naye kila siku, hata akiwa ni mwenzake wa jikoni ambaye ndio kwanza anaanza A1, kiwango cha mwanzo kabisa.