Je, wajua kwa nini sangara hula watoto wake?

Mpasue sangara mkubwa wa Ziwa Victoria na mara nyingine utakuta tumboni mwake sangara mwingine, mdogo, hata magamba hayajaanza kuyeyuka. Wanaoparua samaki pale mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa huko Mwanza, wameshazoea. Asiyezoea huuliza: ziwa lote hili, karibu kilomita za mraba 68,800, kakosa nini hata amle mwanawe?

Kwanza, sangara hamjui mwanawe. Sato jike huatamia mayai kinywani mpaka yaanguliwe, na vitoto vikitishwa hukimbilia humohumo kinywani mwa mama. Sangara hana malezi hayo. Jike mkubwa humwaga mayai kwa mamilioni, yanaelea na maji, naye anakwenda zake. Akikutana baadaye na kisangara cha urefu wa kidole, kwake hicho ni kitoweo kama kitoweo kingine.

Hilo linaeleza kwa nini hajizuii. Halielezi kwa nini kuna wakati watoto wake waligeuka kuwa chakula chake cha kutegemea. Jibu la hapo ndilo linalonivutia zaidi, na limo katika historia ya ziwa lenyewe.

Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa na watu, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akaishi kimya kimya kwa karibu miaka ishirini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akafumuka. Alichokuta ni karamu ya furu, samaki wadogo ambao wataalamu wanakadiria walifikia aina 500, kila kundi na riziki yake: wapo waliokula mwani, waliochakura tope, waliovunja konokono kwa taya za kooni, waliokula magamba ya wenzao, na hata waliowavizia majike wa furu wengine ili wapore mayai na vitoto vinywani mwao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa Ghuba ya Mwanza tangu 1977 pamoja na wenzao wa Kitanzania, walishuhudia kokoro, nyavu za kukokota, zilizokuwa zikipanda zimejaa furu zikianza kupanda bila hao furu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 furu wa ghuba ile walikuwa karibu wameisha.

Ungetarajia sangara naye afe njaa. Hakufa. Furu walipotoweka, uduvi wa ziwani waliongezeka mno, maana waliokuwa wakiwala na kugombea nao chakula cha kwenye tope hawakuwapo tena. Dagaa nao waliongezeka. Sangara akahamia kwa hao wawili, na kwa watoto wake.

Sasa tazama hesabu ya tumbo. Sangara aliyetoka tu kuanguliwa anakula vijidudu vinavyoelea majini, vingine vidogo kuliko punje ya ulezi. Akikua kidogo anakula uduvi, pamoja na mabuu ya wadudu wa kwenye tope, wale ambao wakishapata mabawa hupanda juu ya ziwa kwa mawingu kama moshi wa shamba linalochomwa. Akizidi kukua anageukia samaki. Sangara wa urefu wa mita moja hawezi kushiba kwa kufukuza uduvi mmoja mmoja, kwa kuwa mbio zinakula nguvu kuliko anachopata. Lakini mtoto wake anaweza. Mtoto anaviokota vile vidogo, ananenepa, anakuwa tonge la kutosha kinywa kikubwa.

Ni kama kuku wa nyumbani. Hakuna mtu anayeinama kuokota punje za mchele na mchwa walioenea uani ili ashibe. Kuku anaviokota, mwenye kuku anakula kuku. Ziwa lilipobaki na vidogo vingi na samaki wa kati wachache, watoto wa sangara ndio waliokuwa daraja kati ya uduvi na baba zao.

Daraja hilo lina ushuru mkubwa. Katika mnyororo wa chakula, kila hatua hupoteza sehemu kubwa ya chakula kwa kuogelea, kupumua na mavi. Kwa kukadiria tu, kinachobaki kuwa nyama ni sehemu moja ya kumi. Kilo 100 za uduvi zinatoa kama kilo 10 za sangara wadogo, na hao wanatoa kilo moja tu ya sangara mkubwa. Kwa hiyo kula watoto ni njia ya kuvuka wakati mgumu, na samaki anayepata windo bora lililo jirani huiacha.

Ndivyo ilivyotokea. Uvuvi ulipopunguza sangara, baadhi ya aina za furu zilianza kurudi katika miaka ya 1990. Walirudi wamebadilika: wengine waliokuwa wakila vijidudu vinavyoelea sasa wanakula pia wadudu, uduvi na hata samaki wadogo. Na matumbo ya sangara wa Ghuba ya Mwanza yalipochunguzwa tena miaka ya 2000, furu walikuwa wamerudi kuwa chakula chake kikuu. Uduvi walikuwa wamepungua humo, na watoto wake pia.