Nirvana si Pepo

Wiki iliyopita, katika kikao cha wasomaji pale Upanga, kijana mmoja aliyekuwa ameisoma rasimu ya tafsiri yangu kwa makini aliniuliza kwa adabu zote: "Mwalimu, kwa hiyo Nanda anaishia peponi?" Nilikunywa chai kwanza. Swali hilo nimelijibu mara nyingi mno, na anayeniudhi si yule kijana, bali ni wale wanaoandika kwamba nirvana, lengo la mwisho la njia ya Buddha, ni "pepo ya Wabudha", kisha wakaendelea na mengine kana kwamba jambo limekwisha.

Kitabu chenyewe ni Saundarananda, kavya, yaani utenzi mrefu wa kisanaa, ya Ashvaghosha yenye sura 18, iliyotungwa kwa Kisanskriti takribani karne ya 1 au ya 2. Nanda ni mdogo wake Buddha: baba yao ni mmoja, na mama yake Nanda ndiye mama mdogo aliyemlea Buddha baada ya Maya, mama yake mzazi, kufariki. Siku ya mkasa, Nanda amemshikia mkewe Sundari kioo, naye anajipamba uso. Buddha anapita kuomba chakula, watumishi wameshughulika na mengine, naye anaondoka mikono mitupu. Nanda anaona haya, anaomba ruhusa amfuate, na Sundari anamwambia arudi kabla ya rangi ile kukauka. Nilitamani sana kuandika "hina", kwa kuwa msomaji wa Kariakoo angeupima muda huo bila kuuliza, lakini hina haipakwi usoni, nikaiacha. Huko njiani Buddha anamkabidhi bakuli lake, na mdogo mtu hawezi kumrudishia kaka yake mzigo katikati ya safari. Anajikuta ananyolewa kichwa na kuingizwa utawani huku machozi yanamtoka.

Pepo inaingia baada ya hapo. Kwa kuwa Nanda hawazi kingine ila mkewe, Buddha anampandisha Himalaya, anamwonyesha nyani jike mwenye chongo, kisha anampeleka mbinguni kwa Indra, mfalme wa miungu, kwenye wanawake ambao nimewaita hurulaini. Nanda anakiri kwamba tofauti kati ya Sundari na hao ni kama ile iliyo kati ya nyani yule na Sundari. Buddha anakubali kuwa mdhamini wake: akishika utawa barabara, atawapata. Tazama basi, pepo imo kitabuni, ina miti na warembo wake, na mwandishi ameiweka katikati ya safari makusudi ili aibomoe. Ni Ananda, mtawa mwenzake, anayemwaibisha Nanda kwa kumweleza kwamba hata miungu huanguka kutoka huko thawabu zao zikiisha: mashada yao hunyauka, nguo zao huchafuka, jasho huwatoka. Nanda anarudi kwa kaka yake na kumwambia kwamba udhamini ule hauhitaji tena. Atafutacho mtu anayeikataa pepo kitaitwaje tena pepo?

Nikiri hapa kwamba mimi mwenyewe nimelichangia kosa hilo, kwa maana neno "hurulaini" linakuja na pepo yake mgongoni, na bado sijapata jingine lenye uzuri ule.

Sura ya 16 inatoa mfano wa taa. Mafuta yakiisha, mwali hauendi ardhini, hauendi angani, wala hauelekei upande wowote, unatulia tu. Nirvana kwa asili yake ni kuzimika kwa namna hiyo, na aliyekulia kwenye mwanga wa koroboi hahitaji maelezo zaidi. Tatizo ni kwamba katika jiji hili taa ikizimika watu huwaza umeme kukatika, na mtu akizimika hupelekwa hospitali. Kwa hiyo katika rasimu nimeandika "kuzimika", nikafuta, nikaweka "utulivu", nikaona ni neno la matangazo ya hoteli za ufukweni, nikafuta tena. Kwa sasa pameandikwa "nirvana" tupu, na pembeni kuna alama yangu ya kuuliza kwa penseli.