Pampu haina kosa: dhana potofu kuhusu kufinyanga plastiki kwa vakyumu

Ukiunda modeli ya basi kwa kipimo cha 1:50, mbao na kadibodi zitakufikisha mbali, kisha zitagoma kwenye kioo cha mbele kilichopinda na paa lenye kona za mviringo. Kazi hiyo inataka shiti la plastiki lililopashwa moto hadi likalainika, likashushwa juu ya kalibu (umbo gumu linalonakiliwa), kisha hewa ya chini yake ikaondolewa ghafla. Mashine yenyewe ni vitu vinne tu: fremu ya kubana shiti, koili za kulipasha, sanduku bapa lenye matundu ambalo kalibu hukaa juu yake, na chombo cha kuondoa hewa. Kwa Mbeya, anza kuulizia sokoni Mwanjelwa, kwa mafundi wa friji, wauza vyuma chakavu na maduka ya vifaa vya umeme. Wengi hawakwamishwi na vifaa. Wanakwamishwa na mambo waliyoambiwa.

"Vakyumu inaivuta plastiki"

Vakyumu ni ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, na ombwe halina mikono. Kinachoishindilia plastiki kwenye kalibu ni uzito wa hewa iliyo juu yake, na hewa hiyo haiwezi kuzidi ile uliyonayo hapo ulipo. Pwani mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 101 hivi. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni takriban 82; Iringa ni 83 hivi na Njombe karibu 80. Ni sababu ileile inayofanya maji yachemke Mbeya kwenye nyuzi 94 hivi, na maharage yachelewe kuiva.

Hapo ndipo geji inapowachanganya watu. Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya mgandamizo wa hewa ya ndani ya mtungi unaoondolewa hewa na ule wa nje. Maelekezo yaliyoandikwa na watu wa tambarare hutaka sindano ifike inchi 27 za zebaki. Mbeya haifiki, hata ulete pampu ya maabara: kikomo ni inchi 24 na kidogo. Inchi 22 za Mbeya ni sawa na 27 za Dar es Salaam, kwa maana kwamba hewa iliyotolewa ni sehemu tisa kati ya kumi, huko na huku. Anayeiona 22 akaenda kununua pampu nyingine ametupa hela.

Hasara ipo, tusidanganyane. Huku juu unakosa karibu moja ya tano ya msukumo. Lakini pampu haiwezi kuirudisha. Fidia yake ni kutumia shiti la milimita 1 mahali ambapo mtu wa pwani angeweka la 1.5, na kulipasha vizuri mpaka pembeni.

"Bila kompresa ya friji hakuna kitu"

Upande wa pili nao husema kifyonza vumbi kinamaliza kila kitu. Kila upande una nusu ya ukweli.

Kifyonza vumbi huondoa hewa nyingi kwa haraka, ila msukumo wake ni mdogo: kikizibwa mdomo hufikia kilopaskali 20 hivi, na huku nyanda za juu pungufu ya hapo kwa sababu feni yake inasukuma hewa nyepesi. Hata hivyo kilopaskali 16 kwenye sanduku la sentimita 30 kwa 30 ni zaidi ya kilo 140 zimekaa juu ya shiti. Kwa plastiki ya milimita 0.5 hadi 1 na kipande kisicho na kimo kikubwa, zinatosha kabisa. Usikiache kikiwa kimezibwa zaidi ya nusu dakika, maana mota nyingi za vifyonza hupozwa na hewa ileile inayopita.

Kompresa ya friji ni kinyume chake. Inafikia ombwe karibu kamili, lakini hewa inatoka kidogokidogo. Ukiiunga moja kwa moja na sanduku, shiti litakuwa limeshapoa kabla hewa haijaisha. Ndiyo maana hufanya kazi na mtungi: inauondolea hewa taratibu wakati plastiki bado baridi, kisha koki pana inafunguliwa mara moja.

Ukubwa wa mtungi ndio wenye uamuzi. Tuseme hewa ya ndani ya sanduku pamoja na ile iliyo chini ya shiti ni lita 4. Mtungi wa kompresa ya upepo wa lita 24, ulioshushwa hadi kilopaskali 10 (geji ya Mbeya itasoma inchi 21 hivi), ukifunguliwa utatulia na sanduku kwenye kilopaskali 20. Plastiki inabaki na msukumo wa 62. Fanya hivyohivyo na mtungi wa lita 6: vinatulia kwenye 39, na msukumo unabaki 43. Pampu ni ileile.

Kilopaskali 62 kwenye sanduku hilo ni zaidi ya nusu tani. Plywood ya juu bila nguzo za mbao ndani, kila sentimita 7 au 8, itabonyea na kalibu itayumba. Ndoo ya plastiki iliyofanywa mtungi itageuka chapati. Mpira laini wa maji nao hujibana ukafunga njia. Tumia wenye nyuzi au waya ndani. Mtungi wa gesi ya kupikia usiukate wala kuuchomelea, kwani mabaki ya gesi hulipuka.

Kabla ya kung'oa kompresa, soma kibandiko chake. Kikiandikwa R600a, gesi hiyo inashika moto. Fundi wa friji aitoe kwa vifaa vyake, nje penye hewa, na mirija isikatwe kwa moto. Kompresa huwa na mirija mitatu: wa kufyonza, wa kutoa, na wa kujazia gesi, ambao utauziba. Isimamishe wima kama ilivyokaa kwenye friji. Mrija wa kutoa hutema ukungu wa oili, hivyo uingize kwenye chupa yenye kitambaa bila kuuziba. Na kwa kuwa hupozwa na gesi inayorudi, ikikaa kwenye ombwe muda mrefu inachemka. Weka valvu ya njia moja kati yake na mtungi, geji ikifika uizime.

"Matundu mengi zaidi, nguvu zaidi"

Toboa matundu ya milimita 2 kila sentimita 2.5 na utapata 121 kwenye sanduku letu. Jumla ya nafasi yake ni milimita za mraba 380. Bomba la nusu inchi lina 127 tu. Kwa hiyo ukiongeza matundu mengine mia, hewa bado itapanga foleni kwenye bomba. Panua bomba na koki ziwe robo tatu ya inchi au inchi moja, uone tofauti. Njia rahisi zaidi ni tundu moja pana katikati, na juu yake kipande cha wavu wa chuma wa mbu ili hewa ipite chini ya kalibu kila upande.

Kwenye kalibu ni hadithi nyingine. Huko matundu yanataka kuwa membamba kuliko unene wa shiti, milimita 0.5 hadi 1, na yakae pale plastiki inapofika mwisho: kwenye pembe za ndani, mifereji ya madirisha, mashimo ya taa. Tundu likiwa pana, plastiki inazama ndani na kuacha chunusi. Biti ya milimita 1 huvunjika ikienda kina kirefu, hivyo toboa kwanza kwa biti ya 4 kutoka chini, uache milimita 5 za juu, ndipo uingize ile nyembamba.

"Koili ikiwa nyekundu, joto limetosha"

Kasoro nyingi zinazosingiziwa pampu huzaliwa hapa. Dalili yake ni hii: katikati ya paa la basi pamechukua umbo vizuri, lakini pembe za chini zimebaki na mviringo mnene. Mtu anasema mvuto mdogo. Kumbe pembeni mwa shiti palikuwa baridi, kwa sababu fremu ya chuma inanyonya joto na upepo unapita hapo.

Hita iwe kubwa kuliko shiti kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Kwa shiti la 30 kwa 30, tengeneza sinia la sentimita 35 kwa 35 lenye koili mbili za jiko la umeme za wati 1,000, zilizokazwa juu ya tofali za moto au vishikizo vya kauri. Pindisha mistari ya koili iwe karibukaribu pembeni na mbalimbali katikati. Umbali kutoka koili hadi shiti uwe sentimita 12 hadi 15. Ukisogeza karibu utaona mistari ya koili imechoreka kwenye plastiki.

Ziunganishe sambamba, kila moja ipate volti 230 zake. Ukizipanga mfululizo, jumla inashuka hadi wati 500 na utasubiri mpaka ukate tamaa. Na usikate koili katikati ukidhani umeipunguza nguvu: nusu ya koili ya wati 1,000 inataka kutoa wati 2,000 ndani ya nusu ya waya, nayo inakatika. Sinia na fremu viunganishwe na waya wa ethi, na hita izimwe kabisa kabla mkono haujakaribia, kwani koili hizo ziko wazi. Hita ya wati 2,000 na kifyonza cha 1,400 kwenye soketi moja ya ampea 13 ni karibu ampea 15. Tumia soketi mbili, au zima hita kwanza.

"Hesabu sekunde, hukosei"

Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, nguvu ya koili inapungua kwa karibu robo. Asubuhi ya Julai Njombe si sawa na mchana wa Novemba Mbarali. Kwa hiyo saa haiaminiki. Macho ndiyo yanayoaminika. Shiti la polistirini huanza kwa kukunjamana, kisha linajivuta na kunyooka kama ngozi ya ngoma, kisha linaanza kuning'inia. Wengi hushusha linaponyooka. Ni mapema mno. Subiri lining'inie sawasawa sentimita 1.5 hadi 2, na mng'ao wake uwe uleule kila mahali. Kwa shiti la milimita 1 na hita tuliyoieleza, ni kati ya sekunde 40 na 90.

Baada ya hapo una sekunde 2 au 3. Fremu ishuke kwa bawaba au reli, moja kwa moja, ipite ukingo wa sanduku kwa milimita 5 ili plastiki yenyewe izibe hewa. Mpira wa tyubu ya baiskeli ukingoni unasaidia. Koki ifunguliwe wakati huohuo. Msimu wa baridi funga mlango na dirisha la upande wa upepo, uache moja tu la kutolea harufu, na pasha kalibu hadi iwe vuguvugu mkononi.

"Plastiki ni plastiki"

Chupa ya maji imevutwa ilipotengenezwa. Ukiipasha inajikunja na kuwa nyeupe. Plastiki ya ndoo ina upenyo mdogo sana wa joto kati ya kukataa na kudondoka, na rangi wala gundi haishiki juu yake. Vipande vya dari na mabomba ya PVC acha kabisa: vikiungua chini ya koili vinatoa gesi ya asidi inayokausha koo na kula vyuma.

Polistirini ngumu, ile nyeupe, ndiyo rafiki wa anayeanza. ABS, plastiki nyingine ngumu, ni imara zaidi lakini hunyonya unyevu, na isipokaushwa hutoka na malengelenge. Kwa vioo, tafuta PETG, plastiki inayopitisha mwanga, ya milimita 0.5 au 0.75. Na friji iliyokupa kompresa ina zawadi nyingine: ngozi ya ndani yake ni polistirini au ABS, nayo ilifinyangwa kwa njia hiihii. Kata sehemu zilizo bapa tu. Zenye kona, zikipata moto, hujaribu kurudi kuwa shiti bapa.

"Paini ya Sao Hill inafaa kama ilivyo"

Paini hiyo ya msitu wa Sao Hill, Mufindi, inafaa kwa kiini cha kalibu. Lakini fundo lake hutoa utomvu likipata joto, na shiti la milimita 0.5 linanakili kila mshipa wa mbao. Ipake pati ya magari, sugua kwa msasa wa 240 kisha 400. Kalibu ya plasta ikaushwe siku kadhaa. Maji yaliyobaki huwa mvuke na kuacha mabaka.

Kuta za kalibu zilale nyuzi 3 hadi 5, la sivyo kipande hakitoki. Kimo chake kisizidi upana. Kalibu mbili zikikaribiana kuliko kimo chake, plastiki inajikunja katikati kama mkunjo wa shuka. Usitegemee pia unene kubaki uleule: shiti la milimita 1 likishuka kwenye shimo la sentimita 10 kwa 10 lenye kina cha 5, eneo lake linakuwa mara tatu na wastani wa unene ni milimita 0.33, huku pembe za chini zikiwa nyembamba zaidi.

Inua kalibu milimita 4 kwa kipande cha plywood kidogo kuliko kitako chake, ili mstari wa kukatia uwe juu ya mviringo wa chini. Acha koki wazi mpaka plastiki ikakamae, sekunde 20 au 30, kisha ichomoe ingali na uvuguvugu. Ikipoa kabisa inajibana kwenye kalibu, kwani polistirini hunywea kwa asilimia 0.5 hivi. Paa la basi la sentimita 24 litakuwa fupi kwa zaidi ya milimita moja, hivyo kalibu ikatwe sentimita 24.1.