Je, wajua kwa nini jeshi la Waingereza liliangamia likitoka Kabul, mji mkuu wa Afghanistan, mwaka 1842?

Tarehe 6 Januari 1842 watu wapatao 16,000 waliondoka Kabul kuelekea Jalalabad, mji uliokuwa na kikosi kingine cha Waingereza, mwendo wa kilomita 140 hivi. Wanajeshi kati yao walikuwa kama 4,500, wengi wao Wahindi. Waliobaki walikuwa wapishi, watumishi, wachunga ngamia, wanawake na watoto. Siku ya nane, tarehe 13, daktari William Brydon alifika Jalalabad akiwa na majeraha, juu ya farasi aliyechoka kabisa.

Wengi hulaumu theluji na milima. Ni kweli, askari waliozoea joto la India walilala nje bila mahema, vidole vikaganda. Lakini theluji na milima ilikuwepo tangu zamani. Mimi naanzia kwenye daftari la hesabu.

Waingereza waliingia Kabul Agosti 1839 kwa kuihofia Urusi. Walimwondoa Amiri Dost Mohammad Khan, wakamrudisha Shah Shuja, mfalme aliyekuwa ameishi uhamishoni India kwa miaka mingi. Njia za milimani kati ya Kabul na Jalalabad zilikuwa mikononi mwa Waghilzai, kabila la Wapashtuni, na wakuu wao walilipwa kila mwaka ili misafara na barua zipite salama. Mpango huo ulifanya kazi. Kisha serikali ya Waingereza ya India ikalalamika kwamba vita inakula fedha nyingi mno, na mwaka 1841 mjumbe wake Kabul, William Macnaghten, akawaita wakuu hao na kuwaambia malipo yao yatapunguzwa kwa nusu hivi. Walimsikiliza kwa adabu, wakaondoka. Muda si muda wakavamia msafara na kuifunga njia.

Hapo jeshi la Kabul likawa limekatiwa njia ya kurudi India. Tarehe 2 Novemba umati ulimuua Alexander Burnes, ofisa wa Waingereza, nyumbani kwake mjini. Kambi ya Waingereza ilikuwa bondeni nje ya mji, ikitazamwa na ngome za jirani, na ghala la chakula lilijengwa nje ya kuta zake! Likatekwa baada ya siku chache. Jenerali Elphinstone, mzee aliyesumbuliwa na jongo, hakujua ashike lipi. Mwezi Desemba Macnaghten naye aliuawa akiwa kwenye mazungumzo na Akbar Khan, mwana wa Dost Mohammad.

Akbar aliahidi kuwasindikiza Waingereza salama wakiondoka. Kama alitaka kweli kuitimiza ahadi hiyo, wanahistoria bado wanabishana; lakini Waghilzai wa milimani hawakuwa watu wa kuamrishwa naye. Katika bonde jembamba la Khurd Kabul, tarehe 8 Januari, inakadiriwa watu 3,000 waliuawa, wakipigwa risasi kutoka juu. Kikosi cha mwisho kiliishia kilimani Gandamak.

Ile habari inayosimuliwa mara nyingi kwamba Brydon alipona peke yake si sahihi. Makumi ya mateka walioshikwa na Akbar walikombolewa Septemba, na baadhi ya askari wa Kihindi pia walinusurika, ingawa hawakuchorwa kwenye picha maarufu kama Brydon. Waingereza walirudi, wakalichoma soko kuu la Kabul, wakaondoka tena. Shah Shuja alikuwa ameshauawa.

Mwaka 1843 Dost Mohammad alirejea kwenye kiti chake. Mwaka 1857 Waingereza walewale walikubaliana naye kumlipa rupia 100,000 kila mwezi wakati wa vita vyao na Uajemi.