Soya mbichi haina nguvu zaidi

"Usichemshe soya kabla ya kusaga, moto unaua protini." Ushauri huu husikika sana kwa watengenezaji wa unga wa lishe, na ni kinyume kabisa cha mambo yalivyo.

Mbegu ya soya ina protini zinazozuia vimeng'enya. Mojawapo, iliyotengwa na mwanakemia Moses Kunitz miaka ya 1940, hujichomeka kwenye tripsini, kimeng'enya cha kongosho kinachokata protini utumboni, ikakwama humo kama ufunguo uliovunjikia kitasani. Protini ya chakula inapita bila kumeng'enywa vizuri. Vifaranga na panya wanaolishwa soya mbichi hudumaa, kongosho zao zikavimba. Tangu 1917 watafiti Osborne na Mendel walishaonyesha kwamba panya hukua vizuri soya ikipikwa.

Kwa mmea wenyewe protini hii ya kuzuia ni silaha dhidi ya wadudu.

Moto huharibu umbo la kizuizi hicho, lakini asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, tunazozitaka hubaki kwa sehemu kubwa. Kuloweka tu hakutoshi. Chemsha hadi punje zilainike, menya, anika, ndipo upeleke mashineni. Kukaanga juujuu hadi ganda libadilike rangi ni kujidanganya. Joto la maji hufanya kazi hii vizuri zaidi.