Je, wajua kwa nini programu inayotumiwa na wanasayansi dunia nzima inaweza kukosa mtu wa kuitunza?

Mwanafunzi pale chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, akichora grafu ya floraidi kwenye maji ya visima vya Arusha, kuna uwezekano mkubwa anatumia Python, lugha ya kuandikia programu, pamoja na NumPy, SciPy na Matplotlib, maktaba zake za hesabu na grafu, vitu vya bure ambavyo hajalipia hata mia. Hizohizo zilitumika kwenye kazi ya ile picha ya kwanza ya shimo jeusi, mwaka 2019. Sasa wengi tunadhani kitu kikubwa hivyo lazima kina ofisi na wafanyakazi kila kona, kumbe wachangiaji wengi wanajitolea tu, na SciPy imegawanyika moduli nyingi, yaani vipande vyenye kazi tofauti, nyingine haina mtu wa kuishughulikia.

Inakuwaje? Mara nyingi mwandishi ni mtafiti, kaandika kwa sababu kazi yake ilihitaji, halafu shahada ikaisha au kazi ikabadilika akaondoka, na vyuoni unapandishwa cheo kwa machapisho, sio kwa kurekebisha hitilafu za watu usiowajua. Kuna na umri. Moduli ya odr, ile ya kupata mstari pale ambapo vipimo vya pande zote mbili vina makosa, ilijengwa juu ya ODRPACK, programu iliyoandikwa kwa Fortran, lugha ya zamani ya kompyuta, miaka ya 1980! Anayejua hesabu yake NA Fortran ya zamani NA Python utampata wapi? Watu wa Moshi wataelewa haraka, ni kama mfongo, ule mfereji wa pamoja wa kumwagilia, maji kila mtu anamwagilia migomba yake ila siku ya kusafisha ndio utajua nani yupo.

Basi ukitaka kusaidia, usianze kwa kutuma mistari elfu ya kitu kipya. Hapa ndipo wengi wanakwama na inaniuma, kijana anakesha anaandika, anatuma, miezi inapita kimya, anaona amedharauliwa. Hajadharauliwa. Kinachokosekana kwenye moduli kama hiyo ni msomaji, mtu wa kukagua na kusema hii ni sahihi, na badiliko likishapita linaingia kwenye kompyuta za watu wengi mno, kwahiyo hakuna atakayepitisha asichokielewa.

Anza na tatizo ambalo mtu alishaliripoti GitHub, tovuti ambako programu hizi zinahifadhiwa na kurekebishwa, likakaa. Lirudie kwenye laptopu yako, uandike toleo la Python na la SciPy ulilotumia, tafuta data ndogo kabisa inayolionyesha, kama limeshaisha sema limeisha. Au andika testi, yaani programu fupi ya kuhakiki kwamba moduli inatoa jibu ulilolikokotoa kwa mkono, hiyo mkaguzi anaimaliza kwa dakika chache. Au pitia marekebisho ya mwenzako yaliyokwama, mimi naona hii ndio kazi yenye thamani kuliko zote na karibu hakuna anayeifanya. Kama bando ni dogo, maelezo ya matumizi unarekebisha hapohapo kwenye brauza, huhitaji kompaila (programu ya kugeuza msimbo uweze kuendeshwa na kompyuta) wala nini.

Na ukikaa muda mrefu bila kujibiwa, kumbusha kwa adabu, sentensi moja inatosha. Mtu anayeonekana anakagua vizuri kwa muda, watunzaji wenyewe ndio wanamfuata wakimuomba ajiunge nao.